Macho Hayana Pazia

Jumamosi moja ya Februari 2024 nilikwenda kumwombea mpwa wangu mke nikiwa na macho ya mtu aliyemaliza pombe ya harusi kabla ya harusi yenyewe. Na msemaji wa ujumbe nilikuwa mimi. Ukoo wetu una walimu watatu na shemasi mmoja, lakini wazee waliniteua mimi kwa sababu, walisema, nina uso wa kuaminika.

Uso huo uliharibika Ijumaa alfajiri. Niliamka nikadhani stima zimepotea. Nikapapasa swichi, nikawasha, giza likabaki palepale. Kumbe kope zilikuwa zimegandana kwa tongotongo kama bahasha iliyotiwa gundi. Mke wangu aliponimulika kwa simu alitazama mara moja tu, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni. "Baba Mwende," akasema, "umepigana na nani?"

Sikupigana na mtu. Nilipokea mgeni tu. Jumatano jioni mpwa wangu, bwana harusi mwenyewe, alishuka Machakos Junction akitoka Mombasa, machozi yakimtiririka. Nikamuuliza kama anaulilia ukapera. Akasema ni vumbi la barabarani. Vumbi! Mwezi uliotangulia Wizara ya Afya ya Tanzania ilikuwa imetangaza mlipuko wa macho mekundu Dar es Salaam, na baadaye Pwani yetu nayo ikaanza kupangusa machozi. Habari hizo nilizisikia redioni, nikawahurumia watu wa Dar. Sikujua kwamba ugonjwa ungepanda basi, uingie bafuni kwangu, ujifute uso kwa taulo langu na kulitundika tena vizuri kama mtoto aliyelelewa vyema.

Kufikia saa mbili asubuhi ua wetu ulikuwa umejaa madaktari. Jirani wa kushoto alileta chai ya rangi iliyopoa. Wa kulia alisema dawa ni maziwa ya mama, akamtaja mama mmoja wa mtaa wa chini aliyejifungua juzi. Nikamwomba anieleze mwanamume wa miaka hamsini na miwili atabishaje mlango huo, na aanze na neno gani. Fundi wa viatu alikohoa, akapendekeza mkojo. "Wa nani?" nikauliza. "Wako mwenyewe, mzee. Wa mwingine ni uchafu."

Nikakimbilia kemisti, nikanunua mafuta ya antibiotiki, nikajipaka hadi nikawa naiona Machakos nzima kama iko ndani ya sufuria ya kukaangia. Jumamosi asubuhi macho yalikuwa yamezidi: weupe wake wote umetapakaa damu. Mwendesha boda boda wetu akanionea huruma, akaniazima miwani yake ya jua, ile pana ya buluu inayomfanya kila anayeivaa aonekane ana deni.

Wakwe zetu wanaishi upande wa Kituluni, si mbali na Kyamwilu, pale ambapo gari likiachwa bila gia huonekana likipanda mlima lenyewe. Watu hutoka mbali kuja kumwaga maji barabarani wayaone yakikwea. Wenye sayansi husema maji yanateremka kama maji yote duniani, ila umbo la vilima ndilo linalodanganya macho. Nikajipa moyo: waliozaliwa hapa wamezoea kutoyaamini macho. Pengine hata haya yangu hawatayaamini.

Niliwasalimu kwa adabu zote, mmoja mmoja, kwa mikono miwili: wazee kumi na mmoja, akina mama tisa, na susu mmoja, bibi kizee aliyekishika kiganja changu mpaka akamaliza kuuliza habari za ng'ombe wetu wote. Kila baada ya salamu tatu nne nilikuwa nikipenyeza kidole chini ya miwani kufuta chozi, kisha naendelea na salamu.

Tukaketi. Baba wa binti akanitazama kwa muda. "Mwana wetu," akasema, "humu ndani kuna jua?"

Nikaivua miwani. Shangazi mmoja akanong'ona, "Kaluvu." Mwenzake akamsahihisha, "Bangi." Mimi ni mweka hazina wa kanisa, sijawahi kuonja pombe hiyo ya kienyeji wala bangi, ikanibidi nijitetee. Nikasema, "Wazee wangu, huu ni ugonjwa wa macho."

Heri ningekubali bangi. Kila mtu anajua kwamba ugonjwa huo unaambukizwa kwa kutazamana. Wazee kumi na mmoja waliinua nyuso kwa pamoja, wakakazia macho mabati. Mahari ya mpwa wangu niliyajadili na ndevu.

Lakini haijapata kutokea mazungumzo yakaenda haraka namna ile. Mbuzi watatu wa ntheo hawaguswi, bila hao Mkamba hajaoa. Mengine yote yalishuka bei kama nyanya za jioni sokoni. Nakiri nilianza kuutumia ugonjwa wenyewe. Mzee mmoja aliposhikilia kwamba lazima awepo ng'ombe wa nne, nilimwomba anitazame usoni tuelewane kama wanaume. Ng'ombe akafutwa papo hapo. Tukamaliza, tukapeana mikono kuthibitisha, wao wakitazama mabati, mimi nikifuta chozi. Kisha tukala nyama kwenye sinia moja.

Jumatatu alfajiri simu ikaanza kulia. Wazee tisa kati ya kumi na mmoja hawafungui macho. Shangazi wa kaluvu hafungui, shangazi wa bangi hafungui. Susu anafungua moja.

Nikaenda zahanati. Daktari kijana akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Hao wazee walikutazama?"

"Hata kidogo. Walitazama juu saa mbili nzima."

"Na uliwasalimu?"

"Kwa mikono miwili!" nikasema kwa fahari.

Akainama na kuandika kitu kirefu kwenye faili. Nadhani alikuwa anacheka kwa maandishi. Kisha akanieleza. Kirusi hiki hakirukii mtu kwa kutazamwa. Kinatoka kwenye chozi kwenda kwenye kidole, kidole kinakwenda kwa mwenzako, mwenzako anajikuna jicho. Au kinapita kwenye taulo, kwenye foronya, kwenye kitasa cha mlango. Aina hii ya kuvujisha damu ina haraka zake: siku moja au mbili tu, jicho limewaka. Basi nilikuwa nimeyafunika kwa miwani macho yasiyomdhuru mtu, nikaigawa mikono yenye balaa kwa watu ishirini na mmoja, nikarudia tena wakati wa kuagana.

"Sawa," nikasema. "Dawa?"

"Hakuna."

Nilikuwa nimelipa kumwona. Mkenya hatoki zahanati bila hata kibahasha kimoja cha vidonge, majirani watamwuliza alikwenda kufanya nini. Daktari akasema antibiotiki zinaua bakteria, kirusi hakizijali. Kitaondoka chenyewe kwa takriban wiki moja. Kazi yangu ni kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope, matone ya machozi ya bandia yakihitajika, taulo langu peke yangu, na sabuni kila ninapogusa uso. Akanionya nisije nikanunua kiholela matone yenye steroidi ili wekundu upungue, maana kikiwa kirusi cha malengelenge, matone hayo yanaweza kukipa nafasi ya kuharibu kioo cha jicho. Na nikiona ukungu, au maumivu yakizidi, au mwanga ukinichoma kama mwiba, nirudi mbio. Mtoto mchanga asisubiri hata dalili hizo.

Akanifariji kwamba si sisi wa kwanza kutazama juu. Ugonjwa wa namna hii ulipozuka Ghana mwaka 1969, mwaka ule wanaanga wa Apollo 11 walipotua mwezini, watu waliuita Apollo. Hadi leo Mnijeria akiamka na macho mekundu husema ana Apollo. Bara zima lilikuwa likitazama mwezini, wakwe zangu wakatazama mabati, na muda wote kirusi kilikuwa kiganjani.

Wazee walipopata nafuu waliketi, kila mmoja na kitambaa chake, wakanitoza faini: miche sita ya sabuni, na yule ng'ombe wa nne arudi kwenye hesabu.

Nilimpeleka baada ya wiki tatu, macho meupe, bila miwani. Nilisimama langoni nimeificha mikono mgongoni kama mwanafunzi aliyevunja dirisha. Susu akaja polepole, akanitazama machoni bila woga wowote, kisha kwa mguu akalisukuma karai la maji hadi karibu nami.

Nikanawa. Akakishika kiganja changu, akaanza kuuliza habari za ng'ombe wetu, mmoja baada ya mwingine, akianzia na yule wa nne.