Nyuki, Simba na Halmashauri

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Wakubwa wa jiji la New York wakatia kiraka: fuata nyuki ulipe faini. Kuanzia 1999 hadi Machi 2010, kanuni za afya za jiji lile zilimweka nyuki kwenye orodha moja na simba, fisi na mamba. Mzinga mmoja juu ya paa ungeweza kumgharimu mwenyewe dola 2,000. Asali tamu, lakini si kwa bei hiyo.

Sasa nyuki amesamehewa, kwa masharti. Awe nyuki wa asali wa kawaida, mzinga wake uandikishwe idara ya afya, awekewe maji karibu, na asiwakere majirani wala wapita njia. Kabla ya hapo bwana huyu alikuwa mnyama wa mwituni. Leo ni mpangaji mwenye karatasi zake.

Kasoro ni moja: kanuni hawakumsomea. Huruka kilomita tatu kutafuta maua, akavuka mitaa na mipaka bila kubisha hodi kwenye ofisi yoyote.

Nami nimeanza kuelewa kwa nini halmashauri ilimhofu miaka yote ile. Mzingani hakuna posho ya kikao. Kila jike hufanya kazi, na baridi inapokaribia, madume yaliyokuwa yakila tu hutolewa nje, mlango ukafungwa. Desturi kama hiyo ikihamia mjini, nani atabaki ofisini?