Sifa za Dalali wa Pikapu

Mchumi mkubwa kuliko wote katika wilaya za Masasi na Newala hana ofisi. Hushinda chini ya mwembe jirani na stendi, simu mbili mkononi, ufunguo wa gari lisilo lake unaning'inia kidoleni. Huyu ni dalali wa magari. Namsifu leo kwa sababu kila mtu humtukana akishaachana naye, na hakuna anayemkumbuka kwa wema ila siku anapotaka kuuza.

Tuanze na elimu yake. Chama kikuu cha TANECU kikifanya mnada wa korosho Newala au Tandahimba, au MAMCU wakifanya wa kwao Masasi, mkulima husubiri benki imtumie ujumbe. Dalali hasubiri. Oktoba 2024, bei za mnada wa kwanza zilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, hakuna aliyehitaji kumfafanulia maana yake. Hilux iliyokuwa inatafutiwa mteja kwa milioni 24 kabla ya msimu, inapanda hadi 28 bila kubadilishiwa hata taa. Vyuo vikuu hufundisha uhusiano wa bei ya zao na bei ya bidhaa kwa muhula mzima. Yeye huupiga hesabu akitafuna mhogo.

Ufasaha wake nao ni neema. Pikapu iliyozeekea Japani, ikavuka bahari, ikasomba saruji Dar es Salaam, kwake ni "mpya, bado haijaijua nchi". Kutu ni vumbi jekundu la Newala, ukiosha linatoka. Moshi mweusi ni dizeli ya kituo kile, si injini. Na injini yenyewe "haijafunguliwa", kana kwamba ni barua ya siri. Ukimuuliza mwenye gari ni nani, atakwambia ni daktari, alikuwa akiendea kazini na kurudi nyumbani tu. Mwenyewe huyo hutamwona: dalali humficha kama mwali aliye ndani, na mahari anapanga yeye.

Hapo ndipo ukarimu wake unapoonekana. Tuseme mwenye gari anataka milioni 20. Dalali anakutajia 28. Unampa 18. Anacheka mpaka machozi, anamwita mwenzake aje ashuhudie maajabu. Unaondoka. Anakuacha ufike barabarani, kisha: "Mzee wangu, rudi basi tuongee, hatugombani." Ukija na mkeo, umeshakuwa shemeji, na shemeji hapandishiwi bei. Jua linapozama mmekubaliana 24. Mwenye gari kapata 20 zake, dalali kapata cha juu milioni nne, nawe unakwenda nyumbani ukitangaza kwamba umeokoa milioni nne. Watu watatu, na wote wameshinda. Nionyesheni waziri wa fedha aliyewahi kufanya hivyo.

Msidhani anapambana na watu wasiojua bei. Hawa ndio wakulima waliogoma mnadani Oktoba 2018, wakakataa bei za chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, mpaka tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua kwa 3,300 na wanajeshi wakaingia kusomba korosho. Waliowagomea wanunuzi wakubwa hivyo, mbona wanalainika chini ya mwembe? Kwa sababu mnadani bei husomwa, mkulima hubakiwa na neno moja tu: ndiyo au hapana. Kwa dalali anapewa nafasi ya kuguna, kununa, kuondoka na kubembelezwa. Ukikatwa ushuru huku na tozo kule mwaka mzima, kubembelezwa mara moja si kitu kidogo, hata kama kunagharimu milioni nne.

Wenye wivu husema anadanganya. Nauliza: kamzuia nani kuja na fundi wake mwenyewe? Kamkataza nani kulinganisha namba ya chasisi na ile ya kwenye kadi, kuulizia TRA kama gari linadaiwa, au kukataa kulipa hata senti mpaka mwenye gari aje kutia saini mbele ya wakili? Hakatazi. Anahuzunika tu: "Yaani mzee wangu, kumbe huniamini?" Na sisi, watu wa aibu, tunalipa ili asihuzunike.

Sifa ya mwisho ni uaminifu wake kwa wateja wa zamani. Januari huja na ada, Februari na vibarua wa palizi, na kufikia Machi pikapu ya Novemba haina hela ya mafuta. Unamrudia. Hakukatai. Analizunguka gari lako polepole, na sasa lile vumbi jekundu limekuwa kutu, ule moshi ni injini, na injini inaonekana kabisa ilishafunguliwa. Soko limelala, mzee wangu, labda 15.

Kwa hiyo anayetaka bei ya haki na asikie siri hii, naitoa bure: asinunue msimu wa korosho. Aje Machi, na fundi wake, na fedha taslimu. Ila mwezi huo, Masasi mpaka Newala, mwenye fedha taslimu ni dalali.