Risala kwa Mgeni Rasmi Mwenye Mkia

Ndugu Mgeni Rasmi, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha asubuhi ya leo hapa Nyakato, Musoma, chini ya mwembe wa nyumbani, wewe ukiwa umeketi na sisi tukiwa tumesimama, kama ilivyo desturi. Sisi ni kikundi cha wazee waliorudia baiskeli. Kikundi kina mwanachama mmoja, ambaye ndiye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na leo ndiye msoma risala.

Jina lako ulipewa na mke wangu katika wiki yako ya kwanza. Alikutazama, akasema: "Huyu anachelewa, anabebwa, anakula kwanza, halafu anaondoka hajaosha hata kijiko. Huyu ni mgeni rasmi." Tangu siku hiyo hujaitikia jina jingine.

Ndugu Mgeni Rasmi, historia kwa ufupi. Mwanachama wetu alifikisha miaka 60, umri ambao mtumishi wa serikali huambiwa ahsante na kwaheri kwa pamoja. Siku ya kumuaga ilisomwa risala kama hii, ikieleza kwamba anaacha pengo lisilozibika. Aliagwa Ijumaa. Jumatatu pengo lilikuwa limeshazibwa na kijana mmoja aliyekuja na kikombe chake cha chai. Ukafuata unene, likafuata shinikizo la damu, na daktari akaagiza mazoezi. Ndipo ile baiskeli kuukuu ya Phoenix ikatolewa stoo, kuku aliyekuwa akiatamia kwenye keria akahamishwa kwa heshima, na mnyororo ukapakwa mafuta.

Phoenix nayo si ya kubezwa. Enzi zake ilibeba magunia ya mihogo, makreti ya soda, wagonjwa, na mara moja bibi harusi. Hata neno bodaboda lilikuwa mali ya baiskeli: lilizaliwa mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, miaka ya 1960, vijana walipokuwa wakipakia watu kwenye keria kuwavusha mpaka. Pikipiki zikaja, zikachukua abiria, kisha zikachukua na jina. Baiskeli tukaachiwa kengele.

Kuhusu wewe, mama yako ni mbwa koko wa jirani na bucha. Baba yako hakuhudhuria. Aliyekuleta alipima kwa kiganja usawa wa paja lake akisema utafika hapo, utakuwa mlinzi. Ukakua kwa bidii hadi usawa wa ugoko, ukaona inatosha. Ndiyo maana unasafiri ndani ya kreti la soda lililofungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu, na chini umetandikiwa sweta ambalo mwenye nalo bado analitafuta.

Sasa mafanikio. La kwanza ni ulinzi. Umeyabwekea malori yote yapitayo barabara ya Mwanza, na hadi leo hakuna hata moja lililothubutu kusimama. Mwizi wa kuku alipokuja usiku ulikuwa umelala, jambo linaloonyesha kwamba hujishughulishi na kesi ndogondogo.

La pili ni afya. Kabla yako, kikundi kilikwenda mwendo wa mtu anayepeleka deni. Kisha siku moja ukatoa hotuba mbele ya geti lililokuwa wazi, na ndani yake mbwa watatu wakubwa wakasikiliza hadi mwisho, kisha wakatufuata. Kwa upande wa rekodi, Mfaransa Robert Marchand, tarehe 4 Januari 2017, akiwa na miaka 105, aliendesha baiskeli kilomita 22.547 kwa saa moja. Tunampongeza. Lakini Mzee Marchand alikuwa katika uwanja wa ndani, sakafu laini, na hakuna aliyekuwa amemng'ang'ania pindo la suruali. Rekodi yetu, kati ya geti lile na duka la dawa, haikupimwa, kwa kuwa mwenye saa alikuwa amefumba macho.

La tatu ni kuenzi historia. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha, lile la ujamaa na kujitegemea. Miaka hii wapo waendesha baiskeli wa msafara wa Twende Butiama, wanaotoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja, kuja kumuenzi. Sisi nasi Oktoba moja tulijipanga kwenda Butiama kuwapokea. Tulifika kilomita ya nne. Hapo ulimwona mbuzi, ukaruka kutoka kwenye kreti, na saa mbili zilizofuata zilitumika kumtafuta mbuzi, kukutafuta wewe na kumtafuta mwenye mbuzi. Ujamaa umeuelewa vizuri, hasa kipengele cha chakula. Kujitegemea bado.

Ndugu Mgeni Rasmi, pamoja na mafanikio hayo zipo changamoto. Kubwa ni pancha. Tairi la upepo tuliletewa kwenye baiskeli na John Boyd Dunlop, Mskoti aliyeishi Belfast, aliyemhurumia mwanawe kwa kutikiswa na kibaiskeli cha magurudumu matatu. Mwaka 1888 akalipatia hataza. Kabla ya hapo matairi yalikuwa mpira mtupu, na mwiba wa mgunga usingekuwa na la kufanya. Dunlop alikuwa daktari wa mifugo. Yaani pancha tumeletewa na tabibu wa wanyama, na bila shaka ndiyo sababu unaona una haki ya kuhudhuria kila inapozibwa.

Fundi wetu hukaa chini ya mwarobaini. Huchomoa tyubu, huijaza upepo, huizamisha kwenye beseni la maji na kuizungusha polepole, akisubiri mapovu yaseme tundu liko wapi. Hapo ndipo siku moja uliposogea, ukatia mdomo kwenye beseni, ukanywa kwa kishindo hadi maji yote yakajaa mapovu. Fundi alikutazama, akanitazama, akasema: "Mzee, mbwa wako anakunywa ushahidi."

Changamoto nyingine ni chanjo. Siku ya kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, wewe uliyeyatisha malori uliingia katikati ya miguu yangu ukatetemeka kama pampu. Wataalamu husema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Nawe uko ndani ya hesabu hiyo, japo uliingia kinyumenyume. Mtu aliyeng'atwa huoshwa jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hukimbizwa hospitali. Mimi nilioshwa hivyo siku ileile, na meno yalikuwa yako.

Mwisho ni maombi. Tunaomba beseni la fundi liheshimiwe. Tunaomba dagaa walioanikwa Mwigobero watazamwe kwa macho tu, maana mweka hazina ameshalipa mara mbili. Na tunaomba penye mlima ushuke utembee, kama wanavyofanya wananchi.

Kuna jambo moja halimo katika ripoti ya mwaka, nalo lazima lisemwe. Mwezi uliopita mwenyekiti aliugua malaria, akalala siku tatu. Siku ya pili, saa kumi na mbili asubuhi, mke wangu alitoka nje kuwasha moto akakukuta umeshapanda mwenyewe. Baiskeli ilikuwa kwenye stendi yake chini ya mwembe, nawe umekaa wima ndani ya kreti, uso umeelekea barabarani. Alikuita, hukushuka. Alikuletea ugali, ukautazama. Saa nne jua likafika kwenye kreti, bado ulikuwa umekaa.

Nimehudhuria hafla nyingi katika miaka yangu ya kazi. Nimepanga viti, nimekagua vipaza sauti, nimesimama juani kuwasubiri wageni rasmi tangu saa mbili hadi saa nane. Huyu ni wa kwanza niliyemwona akimsubiri mwananchi.

Naomba kuwasilisha.