Elimu ya Mtungi, Kama Ninavyoijua Mimi Peke Yangu

Waheshimiwa mabibi na mabwana, wana wa Afrika Mashariki mnaoishi Maryland na vitongoji vyake, ketini. Waliokosa viti wakalie ndoo. Nimeombwa na umma, yaani shemeji yangu, nitoe mhadhara kuhusu kufunga na kujaza gesi ya propani katika gari la kulala, kwa kuwa yeye amenunua vani iliyokuwa ikisambaza vifurushi na sasa anataka kuigeuza nyumba. Wapo walionong'ona kwamba tungemwita fundi mwenye leseni. Fundi mwenye leseni anajua kazi yake tu. Mimi najua yote yanayoizunguka kazi hiyo, ndiyo maana nimevaa tai.

Nitaanza na historia, maana asiyejua historia hafungi nati ikakaza. Mwaka 1910, Walter Snelling, mkemia wa serikali ya Marekani, aliletewa lalamiko: petroli ya gari aina ya Ford Model T inageuka mvuke na kupotea hewani. Akauchunguza ule mvuke, akakutana na propani. Mimi nami nimeletewa malalamiko mengi maishani mwangu. Alichonizidi Snelling ni maabara tu.

Sasa, kwa nini propani? Kule nyumbani, mtungi wa kilo 6 unaopikia ubwabwa umetiwa mchanganyiko wa butani na propani, nao unafaa kwa sababu Dar es Salaam hakuna theluji. Butani hugoma kugeuka mvuke baridi inapokaribia nyuzi sifuri. Propani huendelea kuchemka hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Njoo na butani tupu katika Januari ya hapa, utashinda na majani makavu ya chai mkononi ukiutazama mtungi uliojaa.

Ndiyo, mama mwenye kilemba cha bluu, nakuona. Maswali mwishoni.

Propani ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu. Ikivuja haipai, hutambaa sakafuni, ikatafuta pembe, ikakaa kumngoja mwenye kiberiti. Kwa hiyo kabati la mtungi lizibwe kabisa upande wa ndani ya gari, na chini yake pawe na tundu la kutokea nje. King'ora cha gesi kifungwe karibu na sakafu. Mwanafunzi wangu mmoja alikifunga darini, kando ya picha ya harusi yake. Nikamuuliza, unatarajia gesi ipande ngazi? Na kile cha monoksidi ya kaboni ni king'ora kingine chenye kazi nyingine: kinamlinda mtu anayelala huku jiko likiwaka ili kupasha gari joto. Hilo nimelikataza. Jiko ni la kupikia, na likiwashwa dirisha liwe wazi, hata kama mke analalamika baridi.

Propani yenyewe haina harufu. Mnachonusa ni ethili merkaptani, ambayo hutiwa makusudi ili pua ipate habari mapema. Mama anasema inanuka kama kabichi iliyooza. Istilahi sahihi ya kitaalamu, mama, ni… haya, kabichi iliyooza.

Tuje kwenye regulata, kifaa ninachokiheshimu kuliko wabunge wengi. Siku yenye joto la nyuzi 38, mgandamizo ndani ya mtungi hufika takriban bar 12. Jiko la gari la Marekani linataka mgandamizo unaoweza kuinua maji inchi 11 tu, yaani kama bar 0.027. Pigeni hesabu. Kilichomo mtungini ni zaidi ya mara 400 ya kile jiko linachohitaji, na katikati yake amesimama regulata peke yake. Halafu mtu mzima anakwenda kununua iliyotumika, yenye kutu, kwa sababu ni ya bei poa! Huyo anaokoa dola chache na kuitoa vani mhanga.

Kujaza. Hapa naomba utulivu, maana ndipo wengi wanapokufuru. Mtungi haujazwi hadi juu. Hujazwa asilimia 80, na nafasi inayobaki ni ya gesi kupanukia jua linapopiga. Tazameni shingo ya mtungi: kuna herufi WC na namba 47.6, uzito wa maji ambayo mtungi ungeyabeba, kwa paundi. Zidisheni kwa 0.42. Jibu ni 20, kasoro chembe. Ndiyo maana unaitwa mtungi wa paundi 20, karibu kilo 9 za gesi. TW ni uzito wa mtungi mtupu. Ukiwa na mizani na akili, utajua kilichobaki bila kuutikisa. Na ile mitungi ya kubadilishana inayofungiwa vizimbani nje ya maduka, mara nyingi hutiwa paundi 15. Waliodhani wake zao wanapika sana, waombe radhi.

Tangi lililofungwa chini ya gari halibebeki, kwa hiyo gari zima hupelekwa pampuni. Zima injini, zima jiko, zima friji ya gesi, teremsha watoto na bibi. Mhudumu aliyefunzwa ndiye anayejaza, akiwa amevaa glovu, kwa sababu propani ya maji huunguza ngozi kwa baridi. Wewe kazi yako ni kusimama mbali na kulipa. Mtungi mdogo ukiubeba garini, usafiri wima, usilazwe kama mgonjwa.

Jambo jingine ambalo hamtalipata kwa wataalamu wa kawaida: njia. Mahandaki ya Baltimore hayapokei chupa ya propani inayozidi paundi 10. Zamani mwenye mtungi mkubwa alizunguka kwa daraja la Francis Scott Key. Tangu tarehe 26 Machi 2024, meli ya mizigo ilipoligonga likaanguka, mnazunguka kwa upande wa magharibi wa barabara ya 695. Nimewaeleza. Atakayerudishwa mlangoni mwa handaki asitaje jina langu.

Sasa vitendo. Mbele yenu kuna mrija wa shaba uliopanuliwa mdomo, nimeukaza mwenyewe kwenye regulata, na kwa uhakika zaidi nikaviringisha utepe mweupe mara tatu kwenye hesi.

Ati nini, mama? Muungano wa namna hii hautaki utepe? Chuma hukaa juu ya chuma na hesi kazi yake ni kubana tu? Bila shaka. Nilikuwa naelekea huko huko. Naomba usiguse… sawa, gusa. Nani kampa spana?

Kumbe mama siku za wikendi ndiye anayejaza mitungi pale kituo cha mafuta, na leseni anayo? Hilo halikuandikwa kwenye fomu ya usajili. Endelea, mama, chini ya usimamizi wangu. Ndugu zangu, kama mnavyoona, naelekeza maji ya sabuni yapakwe kwenye kiungo huku mtungi ukiwa umefunguliwa. Kamwe si kiberiti. Kipovu kikivimba, pana uvujaji.

Vipovu? Viko wapi? Naam, hivyo. Nilivitegesha ili mjifunze. Kijana, wewe wa ndoo ya tatu, zima hiyo sigara haraka! Mama, funga valvu. Ndiyo, kulia. Toeni utepe huo, mimi sijui ulifikaje hapo.

Vyeti vinatolewa getini, dola 20 kila kimoja. Mama atapata chake bure, akinirudishia spana.