Zimwi Lililokuja Nkoroi kwa Matatu

Mlangoni palikuwa na ubao uliochorwa twiga, na kwenye shingo ya twiga mstari mwekundu. Mtoto aliyefikia mstari aliingia. Asiyefikia alielekezwa kwenye treni ndogo. Binti yetu ana miaka minne, lakini urefu amerithi ukoo wa baba yake. Utosi ukagusa mstari, mjomba wake akalipia tiketi tatu, na kwa kipimo hicho zimwi likapata ruhusa ya kuhamia nyumbani kwetu Nkoroi.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Mjomba, kitinda mimba wa mama yangu, alikuwa amepata kazi Nairobi na akataka wapwa zake waonje mshahara wake wa kwanza. Akawachukua wote wawili, kijana wetu wa gredi ya nne na dada yake wa PP1, akawapeleka kwenye bustani ya burudani upande wa pili wa jiji. Walipanda bembea, wakala popikoni, wakaangalia sarakasi. Mwisho wakaingia kwenye maonyesho ya nyumba ya mazimwi, kwa sababu kijana aliyalilia tangu walipofika.

Ya ndani nimeyapata kwa kijana mwenyewe, ambaye akisimulia habakizi kitu. Mkata tiketi alikuwa mchangamfu, amevaa shati la rangi ya chungwa. Alimpa binti peremende na kumwomba amlindie kaka yake. Wakafuata taa nyekundu, wakapita utando wa buibui wa pamba, wakafika kwenye jeneza la mbao. Kifuniko kikainuka, akatoka mtu mwenye uso wa kuoza na meno ya nje. Shati lilikuwa lilelile la rangi ya chungwa. Kijana alicheka mpaka akaketi chini. Binti hakulia wala hakukimbia. Alibaki na peremende yake mdomoni, hakuitafuna, mpaka wakatoka nje. Hapo mjomba akamnunulia kijana kinyago cha mpira kilichofanana na kile cha ndani.

Neno la kwanza binti alilitamka wakiwa kwenye matatu, wamepita Bomas, wanashuka kuelekea Rongai.

"Anko wa peremende alikufa?"

"Hapana, alikuwa anacheza tu," mjomba akamjibu.

"Basi kwa nini aligeuka?"

Ndilo swali ambalo nyumba yetu ilishindwa kulijibu kwa muda mrefu. Kaka mtu aliona mtu aliyevaa kinyago. Dada mtu aliona mtu mwema akigeuka zimwi, na kama huyo amegeuka, nani mwingine asiyeweza kugeuka? Mwaka 1986 watafiti wa Marekani, Glenn Sparks na Joanne Cantor, walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto waliotazama kipande cha The Incredible Hulk, ile tamthilia ya mtu mpole ambaye akikasirika anakuwa jitu la kijani. Watoto wa miaka 3 hadi 5 waliogopa zaidi pale mtu alipogeuka na baada ya kugeuka, ingawa jitu hilo ndilo linalookoa watu. Wa miaka 9 hadi 11 ndipo hasa walipotulia, kwa kuwa walijua msaada umefika. Picha ileile, kochi lilelile, lakini kila mtoto aliona kitu chake. Nilipoyasoma hayo nilielewa kwa nini binti yangu alianza kumvizia baba yake mlangoni mwa bafu akinyoa ndevu, akitaka kuhakikisha uso unaotoka ndio ulioingia.

Aliyeumia zaidi ni mzee wetu wa lango. Ni Mmaasai wa makamo, mlinzi wa ploti yetu tangu tulipohamia. Kila jioni binti alikuwa akimkimbilia na kuinamisha kichwa, mzee anakigusa kwa kiganja kama ilivyo desturi ya Wamaasai kwa watoto, wanasalimiana "supa" na "ipa", kisha mtoto anarudi ndani. Sasa akimwona mzee amejitanda shuka anajificha nyuma ya gauni langu. Mzee alivumilia, halafu akanijia mwenyewe na kuniuliza kwa upole kama kuna neno baya alilosemwa. Nilimweleza yote. Alitikisa kichwa, akasema mtoto aachwe, asilazimishwe kumsalimia mtu.

Matatu nazo zikawa shida. Wanaoijua njia ya Rongai wanajua nganya zake, zimechorwa kuanzia bonete mpaka mlango wa nyuma: wasanii, wanasoka, mafuvu, sura za sinema. Asubuhi ya kwenda kliniki tuliacha nganya moja baada ya nyingine pale stejini Nkoroi, makanga wakituita, mpaka ikaja moja nyeupe isiyo na sura ya mtu wala mnyama. Tukachelewa, zamu yetu ikapita.

Lakini usiku wa boza ndio uliotufikisha kikaoni. Mifereji ilikuwa mikavu, kwa hiyo wapangaji tulichanga, tukaagiza boza la maji. Likafika usiku, likaingia mpaka karibu na tangi, mpira ukapandishwa, pampu ikaanza kunguruma. Hapo stima zikapotea ploti nzima. Binti alikuwa anatoka chooni akiwa ameshikwa mkono na bibi yake. Mjomba alikuwa ndiyo kwanza anafika kutoka kazini, amevaa jaketi lenye kofia kwa ajili ya baridi, ameshika simu kifuani kwa tochi, na mwanga unampiga usoni kutoka chini. Binti alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtoto yeyote. Bibi akaachia sufuria ya uji. Kijana, aliyekuwa dirishani, akasikia ukelele, bati na mbwa kwa pamoja, akapaza sauti: "Fisi!"

Neno hilo halichezewi kwetu. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi iko jirani, na mwanzoni mwa 2024 fisi walishambulia watu upande wa Rongai, akiwemo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Multimedia, hadi wanafunzi wakaingia Barabara ya Magadi kuandamana. Basi ploti nzima ikatoka. Huyu na panga, yule na mwiko, mzee wa lango na rungu lake mbele ya wote. Utingo wa boza naye akauacha mpira akachukua jiwe. Mpira ukachomoka tangini na maji tuliyoyachangia yakamwagika uani. Mtu wa Nkoroi nimwambie nini kuhusu udongo wetu mweusi? Ukiwa mkavu unapasuka hata mguu unazama kwenye ufa. Ukilowa unanata na kumeza. Fisi alipokosekana na taa zilipowashwa, magurudumu ya nyuma ya boza yalikuwa yamezama mpaka ekseli, na boza limeziba lango. Asubuhi wenye magari waliyaacha, wakatoka kwa miguu wakishikilia viatu mkononi, mpaka trekta ikaletwa.

Jambo moja nililiona usiku ule. Binti yangu hamwogopi fisi. Tangu akiwa mdogo zaidi ameambiwa: jua likizama hatutoki nje ya lango, ukisikia sauti unakuja kwa mkubwa, fisi haingii ndani ya nyumba. Kanuni hizo anazijua, anazisimamia, hata wageni anawafundisha. Fisi ni hatari ya kweli na mtoto amelala naye kwa amani, kwa sababu hofu yake imekuja na la kufanya. Zimwi la jeneza halikuja na kanuni yoyote. Halina saa yake, halina mpaka wake, na linaweza kuvaa shati la mtu yeyote.

Kikao kilifanyika jikoni. Mjomba alikuwa mnyonge, nami nilimwambia wazi kwamba alitoa kwa moyo safi. Baba watoto alitaka kinyago cha mpira kichomwe moto siku ileile. Mama yangu ndiye aliyekataa.

Mama amekulia Msambweni, Kwale, jirani na Wamakonde waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, hao ambao serikali ilikuja kuwatambua rasmi kama kabila la 43 la Kenya baada ya matembezi yao ya 2016 kwenda Nairobi. Aliwasikia wazee wao wakisimulia mapiko ya kwao kusini, pande zote mbili za Mto Ruvuma. Mchezaji huvaa kinyago cha mti kinachofunika kichwa chote, na mwili mzima hufungwa nguo pasionekane hata kipande cha ngozi. Watoto huambiwa huyo si mtu. Hukimbia wakapiga kelele, hurudi kuchungulia, hukimbia tena. Lakini hofu hiyo ina wenyewe. Mtoto hukimbilia kwa mama ambaye yuko pale pale, kijiji kizima kipo, na ukifika wakati wa jando vijana huonyeshwa: kinyago kinavuliwa, ndani kuna binadamu, mara nyingi mtu wanayemjua. "Mwenye kutisha ndiye mwenye kufunua," mama alisema. "Huko mlikokwenda, aliyetisha alibaki na pesa, kufunua ametuachia sisi."

Basi tukaamua kufunua. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones aliandika habari za Peter, mtoto wa karibu miaka mitatu aliyemwogopa sungura. Alimketisha, akampa chakula anachokipenda, na sungura akawekwa mbali ndani ya kizimba. Siku kwa siku kizimba kilisogezwa, mtoto akiendelea kula, mpaka Peter akamshika sungura kwa mkono wake. Sisi tulitumia chapati. Kinyago kiliwekwa mwisho wa sebule, juu ya kabati la vyombo, na binti akala akiwa mapajani mwa bibi yake. Akisema "hapo hapo", kinabaki hapo hapo. Akikubali, kijana anakisogeza kidogo.

Kilipofika mezani alikigusa kwa kijiko. Akakipindua. Ndani kilikuwa cheupe, kimejaa unga unga kama wa glavu, na mshono umepita katikati ya kichwa. Akaingiza kidole kwenye tundu la jicho, kikatokea upande wa pili, akakichezesha. Akanusa, akasema kinanuka ndala mpya. Hapo ndipo tulipomwita mjomba, akakivaa mbele yake polepole, kidevu kwanza, akiongea kwa sauti yake muda wote, kisha akakivua. Amerudia mara nyingi kadiri alivyoamriwa. Fred Rogers alifanya vivyo hivyo kwenye televisheni ya watoto ya Marekani mwaka 1975: alimwalika Margaret Hamilton, yule mchawi wa The Wizard of Oz ya 1939, akaonyesha watoto jinsi anavyovaa gauni jeusi na kofia juu ya nguo zake za kawaida.

Jioni ya pili yake binti alikwenda langoni akiwa amenishika. Alimwomba mzee avute shavu lake. Mzee akalivuta, halikutoka. Kichwa kikainama, kiganja kikagusa.

Siwapingi wanaotisha kwa ufundi. Kijana wangu alipata furaha halali, na hofu ya kuchezewa ina raha yake kwa anayejua kwamba anachezewa. Ninachopinga ni ubao wa twiga. Urefu ni kipimo cha bembea na treni, ambako mkanda lazima umshike mtoto asirushwe. Kwenye nyumba ya mazimwi haumlindi mtu. Filamu ikionyeshwa Kenya hubeba alama: GE kwa wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, 16, 18. Sura ya 222 ya sheria zetu ina filamu na michezo ya jukwaani katika jina lake, si filamu peke yake. Huko Florida, maonyesho ya Halloween Horror Nights ya Universal, yaliyoanza 1991, wenyewe hutangaza kwamba hayawafai walio chini ya miaka 13. Hapa kwetu haki ya mzazi iwe ni kuambiwa umri kabla ya kulipa, kuonyeshwa mlango wa kutokea katikati ya njia, na mwigizaji kuvua kinyago mbele ya mtoto anayetaka kumwona. Hayo hayapunguzi hata shilingi ya mapato. Na kwa mtoto aliye chini ya miaka saba jibu langu ni hapana, awe jasiri vipi, awe mrefu vipi, hata kama kaka yake analia.

Desemba mjomba amepanga kurudi kule na kijana peke yake. Binti ameambiwa mapema, asije akasema amefichwa. Ameuliza kama treni ndogo bado ipo, na kama mtu anaweza kwenda mpaka kwenye treni tu, akala popikoni, akarudi. Mjomba amesema safari hiyo nayo atailipia.