Mwongozo wa Kuikoroga Ekseli Iliyokatika

Ekseli ya baiskeli haikatiki Garsen mjini, mbele ya duka la vipuri. Hiyo ingekuwa adabu, na ekseli haina adabu. Itakungoja uiache lami, uingie njia ya Chara inayoshuka na delta kuelekea Ghuba la Ungwana, mfuko wa unga kwenye keria na jua la saa saba utosini. Hapo utasikia "ta!", mlio mdogo kama wa kijiti kilichokanyagwa, na gurudumu la nyuma litaanza kwenda kama mlevi, likiusugua uma wa fremu kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena.

Mwongozo huu ni wa mgeni: mwalimu aliyepata uhamisho, afisa wa mradi, shemeji aliyeazima baiskeli. Mwenyeji hauhitaji, maana angeisikia ekseli ikinung'unika tangu juzi. Mimi ni mwalimu, na karibu kila hatua iliyomo humu nimeipitia mwenyewe, kwa mpangilio huu huu.

Jambo la kwanza ni kukasirika bila kukagua. Ukikagua utaharibu mambo, kwa sababu mahali palipokatika pana habari zake. Utaona uso wa chuma una rangi mbili. Sehemu moja ni nyeusi yenye kutu, laini kama imepanguswa. Nyingine inang'aa chembechembe kama sukari guru iliyovunjwa sasa hivi. Ile nyeusi ni ufa wa zamani, ulioanzia kwenye bonde la thredi, ukawa unapanuka unywele kwa unywele kila ulipoingia shimo. Ile inayong'aa ndiyo peke yake iliyokatika leo. Kwa maneno mengine, ekseli yako ilikwisha kufa zamani, leo imetangazwa tu. Mtu akishajua hayo hawezi tena kuutukana mfuko wa unga kwa raha, kwa hiyo usitazame.

Pili, usijue unachokitafuta. Nilipofika kijijini nikiisukuma, nilitangaza kwamba "bolti limekatikia ndani ya ekseli". Watu waliokuwa chini ya mwembe wakatazamana. Black Mamba, zile baiskeli nyeusi nzito zinazobeba nusu ya Kenya, hazina bolti ndani ya ekseli. Ekseli yenyewe ndiyo bolti: ufito wa chuma wenye thredi, koni mbili zinazobana gololi, na nati mbili za kuifunga kwenye uma. Hukatika zaidi upande wa cheni, kwa kuwa friwili imekaa pale na kuzisukuma gololi ndani, mbali na uma, basi kipande cha ekseli kinabaki kinaning'inia bila kitu cha kukishika. Nusu ndefu hutoka kwa kuvutwa na vidole. Ugonjwa ni ile nusu fupi. Imebaki ndani ya koni, vyote viwili vimeshikana kwa kutu mpaka vimekuwa kitu kimoja. Yangu ilikuwa imelala siku mbili ndani ya maji wakati wa mafuriko ya mwishoni mwa 2023, nikaianika kama mpunga na kuiona imepona.

Sasa fungua gurudumu. Lifungulie pale pale kwenye nyasi, usitandike hata shuka, na wala usihesabu. Habu ya nyuma ya baiskeli hizi ina gololi 9 kila upande, za robo inchi. Ya mbele ina 10 kila upande, ndogo kidogo. Zinakaa ndani ya grisi kama mbegu za papai, na ekseli ikitoka nazo zinatoka, moja moja kwanza, halafu zote kwa pamoja. Watoto waliokuwa wakicheza mchezo wao wa gololi pembeni walikuja kunisaidia kuokota. Niliwashukuru sana. Nakumbuka nilisema, "Hawa watoto wamelelewa."

Kisha pokea ushauri. Ushauri haukosekani chini ya mwembe wa Chara, na ubora wake ni kwamba kila mmoja unaupinga mwingine, kwa hiyo unaweza kuufuata wote. Kijana mmoja alisema nikibane kile kipande kwa koleo na kukizungusha kwa nguvu. Nilifanya hivyo. Koleo liliteleza likayasaga meno ya thredi pande zote mpaka kipande kikawa laini na mviringo kama kichwa cha kiberiti. Mwingine akasema chuma husikia nyundo. Nikapiga. Chuma kilisikia: kilipanuka kichwani kama uyoga, na kipande chenye uyoga hakiwezi tena kupita kwenye thredi ya koni kwa upande ule. Mzee mmoja hakushauri chochote. Aliniuliza tu kama nimeshakunywa maji.

Ikiwa mpaka hapo kazi bado inaweza kuokolewa, tafuta keekee. Uso wa ekseli iliyokatika umekaa mshazari, kwa hiyo ncha ya keekee itateleza kandoni, na usipoipigia kitobo cha katikati kwanza, itakula thredi ya koni yenyewe, ambayo ndiyo ulikuwa unataka kuiokoa. Mimi sikuipata keekee. Wenye bahati zaidi yangu, wale wa mijini, huwa na kile chombo chenye thredi ya kinyume kinachoingizwa kwenye tundu ili kikivute kipande nje. Ni chuma kigumu sana, na chuma kigumu sana hukatika kama biskuti. Kikikatikia ndani, hapo umefuzu: mwanzo ulikuwa na chuma ndani ya koni, sasa una chuma ambacho keekee haikitoboi, ndani ya chuma, ndani ya koni.

Mwisho kabisa, na usiharakishe kufika hapa, mwite fundi.

Alikuja jioni, amevaa kanzu, mfuko wa plastiki mkononi. Alikitazama kile kipande kwa muda, akakigeuza kwenye mwanga.

"Mwalimu, umeipiga?"

"Kidogo tu, fundi."

"Kidogo mara ngapi?"

Sikujibu. Akatoa tupa, akausaga ule uyoga wangu mpaka ukaisha, kisha akasaga mashavu mawili bapa, moja huku na moja huku, ili spana ipate mahali pa kuuma. Akachanganya mafuta ya taa na mafuta machafu ya injini kwenye kifuniko cha chupa, akayadondosha pale kutu ilipokutana na chuma. Kisha akakaa chini.

Hapa ndipo mwongozo wa kweli ungekuwa mrefu, lakini hapana cha kuandika. Alikaa. Aliongeza tone, akagongagonga ubavu wa koni kwa mpini wa nyundo, taratibu, kama mtu abishaye hodi nyumba ya mgonjwa, akakaa tena. Alikuwa akiimba kwa pua ile bembelezi ya Kipokomo ambayo mwaka 1963 ilitoa sauti ya wimbo wa taifa, na nusura nisimame wima. Nilimwambia moto ungefanya haraka. Akasema moto upo, ila wa kupasha tu. Koni ikiiva nyekundu ugumu wake unakwenda, na gololi zitaitafuna kwa mwezi mmoja.

Giza lilipokaribia aliibana koni kwenye jiliwa yake ndogo, akashika yale mashavu kwa spana na kuizungusha. Alikuwa anakaza! Nilitaka kupiga kelele. Akakaza unywele mmoja, akalegeza, akakaza, akalegeza, na kutu ikaanza kutoka kama unga wa kahawa. Kisha kikalia, kile kilio cha mlango wa ghala, na kipande kikatoka kizima kizima, kirefu kama kiungo kimoja cha kidole. Ndicho kilichokuwa kimenitesa mchana kutwa.

Ekseli mpya nilikuwa nayo, niliinunua Garsen kwa busara isiyo ya kawaida yangu, pamoja na nati za akiba. Fundi akaitia nati moja, ikaingia kwa ulaini, ikicheza kidogo. Nilifurahi. Yeye akaitoa akaitupa kwenye kopo. Ekseli ilikuwa ya kipimo cha Kiingereza, thumuni tatu za inchi, yaani milimita 9.5, yenye meno 26 kwa inchi. Nati ilikuwa ya milimita 10, yenye jino moja kila milimita, ambayo kwa inchi ni meno 25.4. Kwa macho ni pacha. Kwa mkono zinapatana. Ukizikaza kwa spana zinanyoana thredi, na unarudi njia ya Chara ukisukuma. Alinipa nati kutoka kopo lake, yenye kutu kidogo, na ikashika.

Akapaka grisi, akaanza kupanga gololi kwa ncha ya bisibisi. Upande wa cheni zikatimia tisa. Upande wa pili akafika nane, akapapasa nyasi, akanitazama.

"Zilikuwa ngapi, mwalimu?"

Nilitazama chini ya mwembe. Mtoto mmoja, ambaye alikuwa amewafilisi wenzake wote, alikuwa anaifuta gololi yake kwa upindo wa shati. Ilikuwa inang'aa kuliko zote.

"Itakwenda na nane," fundi akasema, akafunga koni. Mpaka leo inakwenda na nane.