Dakika Kumi za Bwana Bezos

Tusiwe na husuda. Mtu akichuma mali yake, ana haki ya kuitumbua hata kilomita 100 juu ya ardhi. Tarehe 20 Julai 2021 Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, alirushwa kwa roketi kutoka jangwa la Texas, akaelea dakika tatu hivi, akarudi chini; safari nzima dakika kumi. Kiti kimoja kilinadiwa kwa dola milioni 28, lakini mshindi, masikini, siku ilipofika ratiba ikambana.

Faida kwa sayansi? Zipo, jamani: imethibitika kwamba tajiri naye akiachiwa huelea. Aliposhuka aliwashukuru wafanyakazi na wateja wa Amazon, kwamba wao ndio waliolipia yote. Hapo nampa heko. Ni mara chache mwenye sherehe huwataja hadharani waliochangishwa bila kualikwa.

Siku hiyohiyo mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilikaza masharti: nishani ya mwanaanga haitolewi kwa abiria wa kukaa tu. Ilipofika Desemba ikamvisha Bezos nishani hiyo, kisha ikaufuta mpango wenyewe.